Ghishi isiyoonekana: Chumvi ya Kariakoo na akili za watoto wetu

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, aliyeinua mbingu na akaweka mizani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, inapotajwa dhulma ya sokoni akili zetu hukimbilia kwenye mizani. Tunamkumbuka muuza nyama anayekandamiza sahani kwa kidole, muuza mchele mwenye kisado kilichobonyezwa kitako, na muuza kitambaa anayeibia mnunuzi nchi mbili katika kila mita. Ni sawa tuwakumbuke. Sura ya 83 ya Qur'an, Surat al-Mutwaffifin, imefunguliwa kwa kuwaahidi adhabu wapunjao vipimo, kisha ikawauliza kama hawadhani kuwa watafufuliwa. Nabii Shuaib (AS) alitumwa Madyan, na baada ya kuwaita watu wake kwenye Tauhidi, jambo alilolisimamia ni vipimo na kutowapunja watu vitu vyao (7:85). Watu wa Madyan waliangamia, na suala la mizani likiwemo katika mashtaka yao.

Leo nataka tuzungumze kuhusu upunjaji ambao mizani haiuoni. Kilo imetimia, mfuko umeshonwa vizuri, bei ni nafuu, na mnunuzi ameondoka akishukuru. Lakini kilichotakiwa kuwemo ndani hakimo, na atakayelipa ni mtoto ambaye bado yumo tumboni mwa mama yake. Nazungumzia chumvi tunayouza na kununua hapa mjini, na madini joto yanayotakiwa kuwemo ndani yake.

Kidogo chenye kazi kubwa

Qur'an inatukumbusha kuwa asili ya mwanadamu ni udongo (23:12). Inatutaka pia tukitazame chakula chetu: namna mvua inavyomiminwa, ardhi inavyopasuka na nafaka zinavyoota (80:24-32). Wataalamu wa lishe wa leo wanaifuata njia hiyo hiyo kutoka upande wao. Mmea huchota madini ardhini, mnyama huyapata kwenye majani, nasi huyapata kwenye mmea, nyama, maziwa na samaki. Madini yakikosekana ardhini, yatakosekana kwenye hindi, kwenye ng'ombe, na mwisho kwa mtu mwenyewe.

Baadhi ya madini haya mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo mno: chuma, zinki, seleni na hayo tunayoyaita madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku, na mama mjamzito kama 250. Ukijumlisha mahitaji ya mtu mmoja kwa miaka 70 hupati hata kijiko cha chai kilichojaa. Lakini kiasi hicho ndicho kinachoiwezesha tezi iliyo shingoni kufanya kazi ya kuendesha joto la mwili, ukuaji na, zaidi ya yote, ujenzi wa ubongo wa mtoto tumboni. Katika miezi ya mwanzo ya ujauzito mtoto hana tezi inayofanya kazi. Anategemea kile anachopewa na mama yake. Mama asipokuwa nacho, mtoto naye hapati, na kilichoharibika hapo hakirudishwi baadaye kwa dawa wala kwa tuisheni.

Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kuwa upungufu wa madini joto ndiyo sababu kubwa duniani ya ubongo kuharibika ambayo inaweza kuzuilika. Tafakarini neno hilo: inaweza kuzuilika.

Ardhi iliyooshwa na mvua

Katika Surat al-A'raf (7:58) Allah (SW) anatoa mfano wa ardhi njema inayotoa mimea yake kwa idhini ya Mola wake, na ardhi mbaya isiyotoa ila kidogo, tena kwa taabu. Mfano huo ni wa nyoyo na namna zinavyoupokea uongofu. Lakini ardhi nazo kweli zimetofautiana. Watafiti waliopima nafaka za Ethiopia na Malawi, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2021, walikuta kuwa kiasi cha zinki na seleni katika punje hutofautiana sana baina ya eneo moja na jingine, na aina ya udongo ni moja ya sababu. Punje ni zile zile kwa macho, ladha ni ile ile, bali ndani zimepishana.

Kwa upande wa madini joto, maeneo ya milimani ndiyo yenye shida kubwa. Mvua za karne na karne zimeuosha udongo na kuyapeleka madini hayo mtoni hadi baharini. Kwa hiyo nyanda zetu za juu, pamoja na rutuba yake yote, zilikuwa na watu wengi wenye rovu, yaani uvimbe wa tezi la shingo. Mikoa ya nyanda za juu kusini inatulisha mahindi, maharage na viazi. Wakati inatulisha, yenyewe ilikuwa ikizaa watoto viziwi, mabubu na waliodumaa akili, na watu wakidhani ni urithi au uchawi.

Tathmini zilizofanywa miaka ya 1980, zikiongozwa na Taasisi ya Chakula na Lishe, zilionyesha kuwa takriban Watanzania 40 katika kila 100 waliishi katika maeneo yenye upungufu. Katika wilaya zilizoathirika vibaya, watoto wa shule wenye rovu walikaribia 61 katika kila 100. Serikali ilianza kwa kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya hizo, kisha katikati ya miaka ya 1990 ikaamuru kwa sheria kwamba chumvi ya kula iwekwe madini joto. Wilaya hizo hizo zilipopimwa tena mwaka 1999, idadi ilikuwa imeshuka hadi karibu 12 katika kila 100, na uchunguzi wa kitaifa wa watoto wa shule mwaka 2004 ulikuta takriban 7.

Ndugu zangu, hii ni rehema kubwa ya Allah (SW) iliyopita mikononi mwa watu. Haikuhitaji hospitali kubwa wala mashine za gharama. Ilipita kwenye chumvi, kitu ambacho tajiri wa Upanga na mbeba mizigo wa Mtaa wa Kongo wote wanakula kila siku.

Dhana ya watu wa Pwani

Sisi watu wa Pwani tumezoea kusema kuwa rovu ni maradhi ya bara. Tunakula samaki, tunapulizwa na upepo wa bahari, na chumvi yetu imetoka baharini. Tatizo liko wapi?

Tatizo liko katika dhana yenyewe. Ni kweli kuwa bahari ina madini joto na samaki wa baharini wanayo. Lakini maji ya bahari yanapokaushwa juani kwenye mashamba ya chumvi, kinachobaki kwenye chembe za chumvi ni kidogo kiasi cha kutokufaa kitu. Chumvi nyeupe iliyovunwa Bagamoyo, Tanga, Lindi au Mtwara, kama haikunyunyiziwa madini joto baada ya kuvunwa, haina msaada kwa mama mjamzito. Na samaki nao tuulizane kwa haki: familia ngapi za Buguruni, Manzese na Mbagala zinakula samaki wa baharini kila siku? Wengi chakula chao ni ugali, maharage na mchicha, na dagaa wakipatikana ni wa ziwani.

Utafiti uliofanywa Unguja na Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 ulithibitisha hayo. Visiwani, katikati ya bahari, watoto wa shule walikutwa na rovu, na huko Pemba chumvi yenye madini joto ilikuwa nadra mno majumbani. Huku Bara nako, mikoa ya pwani ya kusini inayozalisha chumvi ndiyo iliyokuwa nyuma katika kutumia chumvi iliyotiwa madini. Anayeishi jirani na shamba la chumvi huchota chumvi ghafi kwa bei ya bure, na hana sababu ya kwenda dukani kununua ya pakiti. Waswahili husema ukiona vyaelea vimeundwa. Nayo chumvi yenye faida huundwa, haijitokezei tu.

Lori linaloondoka Kariakoo

Sasa turudi mjini kwetu. Kariakoo, mtaa ambao jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza cha Vita Kuu ya Kwanza, mpaka leo ni mahali pa kubeba mizigo. Wenye maduka wa Mbeya, Songea na Sumbawanga, na wengine kutoka nje ya nchi, huja hapa kununua kwa jumla. Asubuhi mpaka usiku mikokoteni na malori yanapakia. Kinachouzwa Kariakoo kinaliwa hata na watu ambao hawajawahi kuiona Kariakoo.

Ndiyo maana nasema suala hili linatuhusu sisi zaidi kuliko wengine. Wenye maduka na stoo katika mitaa hii wengi ni Waislamu. Ndio wanaojaza Msikiti wa Mtoro, Msikiti wa Idrisa na misikiti mingine ya hapa adhana inapoadhiniwa. Wanatoa zaka, wanafuturisha, wanajenga visima. Allah awakubalie. Lakini ibada haikomei msikitini. Sala ikishasalimiwa mtu anarudi dukani, na dukani ndiko mitihani ilipo.

Chumvi hufanyiwa ghishi kwa njia nyingi. Yupo anayenunua chumvi ghafi ya mawe, akaisaga na kuitia katika vipakiti vilivyoandikwa kuwa ina madini joto, hali akijua haina. Huyu amesema uongo kwa maandishi, na maandishi ni ushahidi. Yupo anayeuza ghafi kwa kopo bila maandishi yoyote, akinyamaza. Yupo aliyenunua chumvi nzuri kiwandani, akaiacha magunia wazi juani na mvuani wiki nyingi mpaka madini yakapotea, kwani jua, unyevu na hewa huyamaliza. Na yupo mzalishaji mdogo anayenyunyizia kwa kukisia, gunia moja likazidi na jingine likakosa.

Sheikh mmoja anaweza kusema: lakini mnunuzi ameridhika, na biashara ni maridhiano. Tumrejee Mtume (SAW). Katika hadithi aliyoisimulia Abu Hurayra (RA) na kupokewa na Imam Muslim, Mtume (SAW) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka kulikoni. Yule akajibu kuwa imenyeshewa. Mtume (SAW) akamhoji kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa watu wakaiona, kisha akatamka kuwa mwenye kufanya ghishi si katika wao.

Zingatieni mambo mawili hapa. Kwanza, yule bwana hakuinyeshea nafaka yake. Mvua ni ya Allah. Kosa lake lilikuwa kuificha aibu ya bidhaa. Pili, Mtume (SAW) hakutosheka kutazama juu ya rundo. Aliingiza mkono. Hukumu ya bidhaa iko ndani yake, wala haiko katika sura yake. Chumvi isiyo na madini joto na iliyo nayo zinafanana kwa weupe na kwa ladha. Mkono wa mnunuzi hautaigundua hata akiuingiza mpaka kwenye kiwiko. Basi kadiri mnunuzi anavyoshindwa kujua, ndivyo amana inavyomzidia uzito muuzaji anayejua.

Imam Ghazali, katika Ihyaa Ulumid-Din, mlango wa adabu za kuchuma, amenukuu kauli ya baadhi ya watangulizi juu ya anayepitisha dirham bandia sokoni. Walimwona ana hatia kubwa kuliko aliyeiba dirham 100, kwa hoja kwamba wizi ni dhambi moja iliyofanyika ikaisha, wakati dirham bandia inaendelea kupita mkono kwa mkono, na dhambi inamfuata aliyeianzisha hata akiwa kaburini, mpaka siku dirham hiyo itakapotoweka. Tuipime chumvi kwa hoja hiyo. Gunia limeondoka Kariakoo leo, kesho kutwa liko katika kijiji cha milimani, wiki ijayo liko chunguni mwa mama mwenye mimba ya miezi miwili. Mtoto anazaliwa na akili iliyopungua. Anaingia shule hashiki kitu, anachapwa kwa uzito wa kichwa, anaachia darasa la nne, na anaishi miaka 60 akiitwa mjinga. Aliyeuza gunia hajui hata jina lake. Lakini Mola wa wote wawili anajua.

Hoja zinazotolewa

Nimekuwa nikilizungumza jambo hili katika darsa baada ya sala ya Alasiri, na hoja zinazorudi ni zile zile. Tuzijibu kwa uwazi.

Wapo wanaoshuku kuwa madini joto ni njama ya kufunga uzazi. Ninaelewa shaka hii ilikotoka. Waislamu tumeona mengi, na si kila anayekuja na msaada ana nia njema. Lakini Uislamu unatutaka tuhakikishe habari kabla ya kuipokea (49:6), na kuhakikisha kunahusu pia habari inayotuogofya. Uswisi ilianza kutia madini haya katika chumvi ya wananchi wake wenyewe mwaka 1922, na Marekani ikafuata mwaka 1924. Iran, nchi ya Waislamu ambayo hakuna anayeweza kuituhumu kuwa inafuata amri za Magharibi, ilianzisha mpango wake mwishoni mwa miaka ya 1980, ikaulazimisha kwa sheria katika miaka ya 1990, na hutajwa kuwa mfano wa mafanikio. Ukweli wenyewe ni kinyume cha uvumi: upungufu wa madini joto ndio unaoharibu mimba na kuua vichanga.

Wapo wanaosema daktari amewakataza chumvi kwa sababu ya presha. Daktari amesema kweli, na hakuna mgongano. Inashauriwa mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Hakuna anayekuambia ule chumvi nyingi ili upate madini. Ule kidogo, na hicho kidogo kiwe chenye madini.

Na wapo wanaosema maradhi ni qadar ya Allah. Ni kweli, na kinga pia ni qadar ya Allah. Mtume (SAW) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha atawakali.

Njaa nyingine zilizojificha

Chumvi ni mlango tu. Dada mmoja aliniuliza hukumu ya kula udongo, vile vijiti vinavyouzwa sokoni ambavyo wengine huviita pemba. Alisema akiwa mjamzito hawezi kupita meza ya muuzaji bila kununua. Nilimjibu kuwa wanazuoni wa Kishafii wamelijadili suala hili, na kipimo chao kikubwa ni madhara: chenye kudhuru mwili hakiliwi. Kisha nikamwambia aende kliniki akapime damu, kwa sababu hamu ya udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, na mara nyingi upungufu wa damu ni upungufu wa madini ya chuma. Udongo hauurekebishi. Unaweza kuzidisha tatizo kwa kuzuia madini yasifyonzwe, na kuleta minyoo.

Mwaka 1961 Dk. Ananda Prasad na wenzake waliandika kuhusu vijana wa Shiraz, Iran, waliofika miaka ya utu uzima wakiwa na miili ya watoto. Chakula chao kilikuwa mkate mtupu, na walikula udongo. Uchunguzi huo ndio uliowafungulia madaktari njia ya kutambua kuwa binadamu naye anaweza kupungukiwa na zinki. Walikuwa wakishiba. Kilichopungua hakikuhisika tumboni.

Nasi tujitazame. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta watoto 58 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano, na wanawake 45 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vimo katika sababu zake, lakini chakula nacho kimo. Tunakoboa mahindi mpaka yawe meupe kama karatasi, tukitupa pumba na kiini ambamo madini mengi yamo, kisha pumba hizo tunawapa kuku na ng'ombe. Tunateremsha chakula kwa chai ya rangi, na chai huzuia chuma kisifyonzwe. Chai hiyo ingesubiri saa moja baada ya kula, na mahali pake pakawa ndimu au chungwa, mwili ungepata zaidi kutoka kwenye maharage na mchicha ule ule. Qur'an ina sura nzima yenye jina la chuma, na ndani yake Allah (SW) ametaja kuwa kina nguvu kubwa na manufaa kwa watu (57:25). Ni manufaa gani makubwa kuliko damu inayobeba pumzi?

Nini kifanyike

Kwanza, wafanyabiashara. Nunueni chumvi kwa mzalishaji anayejulikana, wekeni magunia juu ya mbao, ndani, mbali na jua na maji. Asiye na uhakika wa chumvi yake asiandike juu ya pakiti kile asichokijua. Kipo kichupa kidogo cha dawa ya kupimia ambacho maofisa wa afya hutumia: tone moja likidondoshewa chumvi yenye madini joto hugeuka rangi ya buluu au zambarau. Wenye maduka ya jumla hawashindwi kuchangiana wakawa nacho, wakapima kila shehena kabla haijapakiwa. Huko ndiko kuingiza mkono ndani ya rundo.

Pili, majumbani. Akina mama na akina baba tununue ya pakiti, tuihifadhi katika chombo chenye mfuniko mbali na moto, na tuitie chakula kikikaribia kuiva ili madini yasipotee. Tofauti ya bei haifiki nauli ya daladala. Tuchanganye dona na sembe, na uji wa watoto uwe wa nafaka iliyolowekwa au kuchachushwa, kwani huko husaidia madini kufyonzwa.

Tatu, maimamu na walimu wa madrasa. Khutba za mizani zisiishie kwenye kilo na mita. Imamu anayesalisha Kariakoo anawahutubia watu ambao mikono yao inalisha mikoa. Na ustadhi asiharakie kumpiga mtoto asiyehifadhi. Aulize kwanza anakula nini nyumbani.

Nne, wenye mamlaka. Uislamu ulikuwa na hisba, usimamizi wa soko, tangu zama za mwanzo. Umar bin al-Khattab (RA) alizunguka mwenyewe. Kazi ya kukagua chakula hapa nchini iliyokuwa chini ya TFDA ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Tunawaomba wakague mpaka stoo za vichochoroni, na wawasaidie wazalishaji wadogo wapate madini na vifaa vya kunyunyizia, maana kumwadhibu maskini bila kumwezesha ni nusu ya kazi.

Lakini tusijidanganye kuwa mkaguzi atatosha. Kisa cha binti wa muuza maziwa kinajulikana. Mama yake alimwambia atie maji katika maziwa, binti akamkumbusha kuwa Umar amekataza. Mama akasema Umar hayupo hapa. Binti akajibu kuwa kama Umar hawaoni, Mola wa Umar anawaona. Umar (RA), aliyekuwa akipita usiku, aliyasikia hayo, akamwoza binti huyo kwa mwanawe Asim, na katika kizazi chao akatoka khalifa mwadilifu Umar bin Abdul Aziz. Uaminifu wa msichana mmoja katika kibuyu cha maziwa ulizaa uadilifu wa dola.

Mkaguzi anaweza asifike stoo yako mwaka mzima. Mnunuzi hataonja tofauti. Mtoto atakayedhurika hatakushitaki, kwa sababu hata akili ya kujua kilichomsibu itakuwa imepungua. Amebaki mmoja tu anayejua kilichomo ndani ya gunia na asiyepitiwa na usingizi. Kwake ndiko marejeo.

Tunamuomba Allah (SW) atubarikie ardhi zetu, atutakasie vyakula vyetu na chumo letu, awahifadhi watoto wetu walio matumboni na waliozaliwa, na atujaalie tuwe wakweli sokoni kama tunavyopanga safu msikitini. Amin.

Wabillahi tawfiq.